Kocha akisema mwanao atakuja kuwa kocha

Swali limetoka kwa baba mmoja anayeishi Fort Worth, Texas. Kwa ufupi anasema hivi: "Mwanangu ana miaka 16, anacheza besiboli shuleni, nafasi ya mdakaji. Ni wa pili. Msimu mzima kaanza mechi sita. Juzi nilimuuliza kocha wake kama kuna tumaini. Akacheka, akanigonga begani, akasema huyu atakuja kuwa kocha mzuri sana. Mimi nimekulia kwenye soka, Uvira, Kongo. Kwetu kipa namba mbili ndiye anayebeba mipira. Je, kocha amemsifu mtoto au amemzika kistaarabu? Na nimhamishe nafasi?"

Mzee mwenzangu, umenichekesha, na hapohapo umenirudisha mbali. Maneno hayohayo niliambiwa mimi nikiwa na miaka 19, na usiku ule chakula hakikupita kooni. Leo natimiza miaka 14 nikifundisha vijana kudaka, nami nimeshamwambia mzazi zaidi ya mmoja sentensi ileile. Najua inavyouma upande wako, na najua tunamaanisha nini upande wetu.

Amemsifu. Ila sifa yenyewe huwezi kuiona mpaka ujue mdakaji wa akiba anafanya nini siku asizocheza.

Tuanze na uwanja. Timu inayolinda ina watu tisa, na wanane kati yao wanatazama upande mmoja, kwa mpigaji. Mdakaji peke yake ndiye aliyewageukia. Amechuchumaa nyuma ya mpigaji, mrushaji yuko mbele yake mita 18 na zaidi juu ya kile kichuguu, na nyuma ya mrushaji uwanja wote uko wazi kama mkeka: nani amesogea, nani anaota ndoto za mchana, nani wa wapinzani kwenye besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza cha mkimbiaji, ana nia ya kuiba ya pili, yaani kuikimbilia bila mpira kupigwa. Mpira ujao uwe wa kasi, wa kupinda au wa kuchelewa, pendekezo kwa kawaida linatoka kwake. Zamani lilikuwa la vidole tu, katikati ya mapaja, na wadakaji wengine walipaka kucha rangi kali ili mrushaji azione usiku chini ya taa. Tangu 2022 MLB, ligi kuu ya Marekani, inaruhusu kifaa cha vitufe: mdakaji anabonyeza, mrushaji anasikia sauti ndani ya kofia yake. Vidole au vitufe, mechi moja ina mirusho zaidi ya mia kwa kila upande, na kila mrusho ni uamuzi. Ulipotaja kipa ulikuwa karibu, maana hata kwetu kipa anadaka. Lakini kipa anasubiri mpira umjie. Huyu ndiye anayeuagiza.

Sasa kwenye ligi kuu msimu una mechi 162 ndani ya takriban miezi sita, na magoti ya binadamu hayakuumbwa kuchuchumaa kiasi hicho. Ndiyo maana kila timu hubeba mdakaji wa pili. Hupewa siku moja au mbili kwa wiki, mara nyingi ile mechi ya mchana inayofuata mechi ya usiku, wakati mkubwa wake bado ana barafu magotini. Siku zilizobaki anasugua benchi, na hapo ndipo wengi mnapokosea. Mchezaji mwingine wa akiba akikaa, amekaa. Mdakaji wa akiba anakaa kazini. Asubuhi yumo kwenye kikao cha kuchambua wapigaji wa timu pinzani. Jioni yuko bulpeni, kile kiuchochoro cha pembeni ambako warushaji wanapasha mikono, anapokea mipira ya watu ambao labda hatadaka nao wiki nzima. Mechi ikianza anasogea karibu na kocha wa warushaji, kwa sababu akiitwa ghafla mwenzake akiumia, lazima ajue mpigaji wa nne alitolewa kwa mpira gani mara ya kwanza.

Ngoja nikuonyeshe kwa karibu. Nilipokuwa namba mbili, nilikalia ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, ile ya kubebea mipira, mwezi wa tatu, baridi imekaza vidole. Kwa kukosa la kufanya nikawa namkodolea macho mrushaji wa wapinzani. Kwenye iningi ya pili (mechi ina iningi tisa, na katika kila moja timu hupokezana kupiga na kulinda) nikaona kitu: kila akitaka kurusha wa kupinda, vidole vyake vinahangaika kuushika mpira ndani ya glavu, na glavu inafunuka upande wa kidole gumba, kidogo tu, kama mtu anayeficha sarafu. Wa kasi, glavu imefungwa. Nikahesabu mirusho kumi na miwili, sikukosea hata mmoja. Nikamnong'oneza kocha. Iningi ya tano wapigaji wetu walikuwa wanajua kinachokuja. Kwenye karatasi ya matokeo jina langu halikuwepo popote. Ni siku hiyo kocha aliponiambia yale maneno, nami nikadhani ananifukuza.

Wewe uko Fort Worth, kwa hiyo sihitaji kwenda mbali kukutafutia mfano. Arlington ni jirani yako, na mtu aliyewapa Texas Rangers wa hapo ubingwa wao wa kwanza kabisa mwaka 2023 ni mdakaji wa akiba.

Bruce Bochy alizaliwa 1955 Landes de Bussac, Ufaransa, baba yake akiwa mwanajeshi wa Marekani aliyepangiwa huko. Alianza ligi kuu na Houston Astros mwaka 1978, akapita New York Mets 1982, akamalizia San Diego Padres kuanzia 1983 hadi 1987. Misimu tisa, mechi 358. Gawanya mwenyewe: ni kama mechi 40 kwa msimu. Wastani wake wa kupiga ni .239, maana yake kwa majaribio 1,000 alifanikiwa 239, jambo ambalo si aibu wala si la kutundika ukutani. Kichwa chake ni kikubwa kiasi kwamba alipofika Mets hawakuwa na helmeti ya kumtosha. San Diego alikaa nyuma ya Terry Kennedy, na Kennedy alipoondoka, nafasi ikaenda kwa kijana Benito Santiago, ambaye mwaka 1987 alitangazwa mchezaji bora chipukizi wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB. Fikiria hali hiyo. Una miaka 32, na kazi yako ni kukaa pembeni ya mtoto anayekupita kwa kila kitu, huku ukimsaidia akupite zaidi.

Wapo wanaokasirika wakaondoka. Bochy alishuka ligi za chini, na mwaka 1989 akapewa timu ya Spokane, daraja la vijana wanaosafiri kwa basi usiku kucha. Akachukua ubingwa wa ligi yao. Akachukua mwingine 1991 na High Desert, mwingine 1992 na Wichita. Mwaka 1993 Padres wakamrudisha kuwa kocha wa besi ya tatu, na 1995 wakampa timu yote. Huku kocha mkuu huitwa meneja, usichanganye na meneja wa ofisini. Aliifundisha San Diego miaka 12, akaifikisha World Series, fainali ya ligi kuu yenye mechi hadi saba, mwaka 1998 na kufungwa mechi nne kwa bila na Yankees. Kisha San Francisco Giants miaka 13, na mataji matatu: 2010, 2012, 2014. Ile ya 2010 waliyemfunga ni nani? Texas Rangers haohao. Waulize majirani zako, bado wanakumbuka.

Kuhusu fainali ya 2014 nina jambo la kukuambia ambalo watangazaji hawakulisema vya kutosha. Giants dhidi ya Kansas City Royals, mechi ya saba, tarehe 29 Oktoba. Upande mmoja Bochy. Upande wa pili Ned Yost, aliyecheza ligi kuu misimu sita, mechi 219, wastani .212. Naye mdakaji wa akiba, na mwaka 1984 alivaa jezi ya Rangers. Mchezo mkubwa kuliko yote duniani kwa besiboli, na mabenchi yote mawili yanaongozwa na watu waliotumia ujana wao kwenye ndoo iliyopinduliwa. Bochy akiongoza 3-2 alimwingiza mrushaji Madison Bumgarner kwenye iningi ya tano. Kijana huyo alikuwa amerusha mechi nzima siku tatu nyuma. Kila mtu alitegemea iningi mbili, labda tatu. Bochy alimwacha iningi zote tano zilizobaki, mirusho 68, Royals hawakufunga tena. Kwenye iningi ya tisa Royals walikuwa na mtu besi ya tatu, na bado Bochy hakunyanyuka. Mtu aliyedaka mirusho ya wengine miaka yote hiyo anajua mkono uliochoka unavyoonekana na mkono ambao bado unaishi. Hiyo huisomi kwenye jedwali. Yost naye hakuondoka mikono mitupu, mwaka uliofuata Royals walichukua taji.

Tazama pia njia waliyopitia. Yost kabla ya kupewa timu alikuwa kocha wa bulpeni Atlanta kuanzia 1991 hadi 1998. Kevin Cash, mdakaji mwingine wa akiba aliyepiga wastani wa .183 katika ligi kuu (namba hiyo ukiiandika kwenye barua ya kuombea kazi utaonekana unatania), alikuwa kocha wa bulpeni Cleveland, kisha mwaka 2015 akapewa Tampa Bay Rays. Akawa kocha bora wa ligi yake 2020 na 2021 mfululizo. Stephen Vogt alianza ligi kuu kwa kukosa mara 32 mfululizo. Ukweli ni kwamba baadaye alichaguliwa timu ya nyota mara mbili, kwa hiyo wa akiba si neno linalomtosha. Lakini mwaka mmoja tu baada ya kuvua vifaa alikuwa kocha wa bulpeni Seattle, na 2024 Cleveland Guardians wakamkabidhi timu. Kocha bora 2024, kocha bora tena 2025. Unaona kile kiuchochoro kinavyojirudia? Ni chuo chenyewe. Huko ndiko mrushaji anakuja na hofu zake, mtoto mgonjwa nyumbani, kiwiko kinachouma ambacho hataki daktari akijue, na anayechuchumaa mbele yake anasikia yote.

Nisikudanganye, si kila anayepita hapo anaibuka na kombe. Cash huyohuyo mwaka 2020, mechi ya sita ya fainali, na ilichezwa hapohapo Arlington kwa sababu ya korona, alimtoa mrushaji wake Blake Snell baada ya mirusho 73 tu. Snell alikuwa ameruhusu mapigo mawili, amewatoa tisa kwa straiki (mpigaji anashindwa mara tatu), Rays wanaongoza 1-0. Dodgers wakageuza matokeo kabla iningi haijaisha, wakashinda 3-1, ubingwa ukaondoka. Cash alifuata alichoambiwa na takwimu. Mimi ningemwacha Snell, lakini mimi niko kwenye kiti changu na chai. David Ross, karibu maisha yake yote mdakaji wa akiba, aliyepiga homurani, pigo la kuvusha mpira nje ya uwanja, kwenye mechi ya saba ya fainali ya 2016 akiwa na miaka 39 na kubebwa mabegani na wenzake, alikabidhiwa Chicago Cubs 2020 na kufukuzwa Novemba 2023, mkataba haujaisha. Kocha huajiriwa ili siku moja afukuzwe, hilo hata kwenye soka letu unalijua.

Tena makocha wa maana hawatoki wote nyuma ya barakoa ya chuma. Katika historia yote ni makocha sita tu wenye mataji manne au zaidi ya World Series. Watatu walikuwa wadakaji: Connie Mack, Joe Torre na Bochy, ingawa Torre alikuwa nyota hasa, si wa akiba. Wa nne, Casey Stengel, alikuwa wa uwanja wa nje. Joe McCarthy, mwenye mataji saba, hakuwahi kucheza ligi kuu hata siku moja. Na Walter Alston alisimama kupiga mara moja tu, mwaka 1936, akatolewa kwa straiki. Kwa hiyo kudaka ni mlango mmoja. Ninachokiona kikijirudia ni mtu ambaye kipaji hakikumtosha, akalazimika kula kwa macho. Nyota ukimuuliza amepigaje, mara nyingi anakuambia niliuona nikaupiga. Hana la zaidi, kwa sababu mwili wake haukuwahi kumwomba maelezo.

Sasa tuje kwa mwanao. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani, Kiingereza shuleni, na bila shaka Kifaransa anachokisikia kwako, ana sikio la lugha, kitu ambacho wadakaji wengi wa Texas wanakitafuta kwa shida. Warushaji wengi wa besiboli ya kulipwa wanatoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na mdakaji anayeweza kupanda kichuguu akazungumza Kihispania bila mkalimani ana thamani yake hata kama hapigi. Mwambie achague Kihispania shuleni, na asichukue kama somo la kupitia tu. (Kuna mdakaji wa akiba wa zamani, Moe Berg, alijua lugha nyingi sana, alimalizia kama kocha Boston 1940 na 1941, kisha wakati wa vita serikali ikamtuma kupeleleza wanasayansi wa Kijerumani. Mwanao asifike huko, lakini ujue ndoo ile imekaliwa na watu wa kila namna.)

Mpe na daftari. Si simu, daftari. Kwa kila mechi asiyocheza aandike wapigaji wa wapinzani, walitolewa kwa nini, walisimama wapi. Mwezi wa kwanza ataandika upuuzi. Mwezi wa tatu utaona anaanza kuandika kabla jambo halijatokea.

Suala la afya usilifanyie mzaha. Mpira unaokwaruza gongo na kutua kwenye barakoa hauachi alama usoni, lakini unatikisa ubongo. Mike Matheny, mdakaji stadi aliyekuja kuifundisha St. Louis kuanzia 2012, alilazimika kuacha kucheza kwa sababu ya mitikisiko hiyo. Mtoto akipigwa kisha akasema mwanga unamuumiza, au anasahau hesabu ya matokeo, anatoka siku hiyohiyo na anamwona daktari, hata kama ndiyo mechi yake ya saba ya msimu. Barakoa ikaguliwe sponji zake kila mwanzo wa msimu. Kugongana pale bamba la nyumbani, kituo cha mwisho cha mkimbiaji kinacholindwa na mdakaji, kumepungua tangu MLB iweke kanuni mwaka 2014, baada ya Buster Posey, mdakaji wa Bochy, kuvunjwa mguu 2011, na ligi za vijana nazo zinakataza. Magoti ni ya kunyoosha na kupumzisha, hakuna miujiza.

Kuhamisha nafasi: akiwa na miaka 16 ajifunze na besi ya kwanza au ya tatu, maana anayedaka pekee akikosa nafasi hana pa kwenda, na gongo lake linahitaji mechi. Lakini asihamishwe kwa sababu baba ameona aibu. Kabla hujaamua, mfanyie jaribio moja. Baada ya mechi asiyocheza, mkiwa kwenye gari, usimuulize kwa nini hakupangwa. Muulize: mrushaji wenu leo alianza kuchoka lini? Kisha nyamaza, endesha.

Akikujibu kwamba ilikuwa iningi ya nne, kwamba mipira ilianza kupaa, kwamba mguu wa mbele ulikuwa unatua mapema na jamaa akawa anafuta jasho hata wakati hana jasho, basi kocha wake alikuambia kitu alichokiona kwa macho yake. Akisema hajui, alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na wenzake, mnunulie glavu ya besi ya kwanza. Nayo ni nafasi nzuri, na anayeicheza anasimama wima.